Semina ya kulala Iringa au ubaki tawini kwako? Nimepita kote, ngoja nikulinganishie

Juzi tunatoka shifti ya usiku kijana mmoja wa laini ya kufungasha kanidaka getini, baridi la Iyunga mwezi wa sita mnalijua wenyewe, meno yanagongana, ananiambia dada katibu mi nimechaguliwa mjumbe wa kamati, nasikia chama chetu cha wafanyakazi kimetoa nafasi moja ya semina Iringa siku nne mnalala hukohuko, alafu mzee mwenyekiti ananiambia achana na semina kaa tawini ujifunze kazi, sasa nifate lipi. Nikamwambia nitakujibu. Nimefika nyumbani nimebandika chai nikaona jibu lenyewe refu kama njia ya Makete, ndo nimeamua niliandike kabisa na wengine mpate, maana hili swali naulizwa kila uchaguzi wa tawi ukiisha.

Mimi ni katibu wa tawi kwenye kiwanda kimoja huku Mbeya, sitakitaja, nina miaka kumi na moja pale na sita kati ya hiyo nimekaa kwenye ukatibu. Semina za kulala nimeenda tatu. Tawini nimekaa mpaka nimekuwa kama benchi la pale. Kikundi cha kujisomea cha Jumamosi ninacho mpaka leo, na mafunzo ya kwenye simu nayo nimeyaonja. Kwaiyo naongea nilichokiona.

Nianze na semina maana ndo inayotamaniwa.

Kitu cha kwanza semina inakupa ni sheria na hapo hamna ubishi. Tawini unaweza ukakaa miaka mitano ukamjua kila mtu na mkewe na deni lake la dukani, lakini hujui una siku ngapi za kupeleka mgogoro. Ngoja niwape aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kamatini mwenzetu mmoja wa ghalani aliachishwa kazi, sisi tukasema haya tuyamalize kindugu, tukawa tunaenda kwa meneja, leo njooni kesho, kesho bosi kasafiri, wiki ijayo tutakaa, tunarudi tunamwambia mwenzetu vumilia mambo yanaiva. Yalipoiva ndo tunaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoiita CMA, tunaambiwa mgogoro wa kuachishwa kazi unaletwa ndani ya siku 30. Sisi tuko siku ya arobaini na kitu. Ikabidi kujaza fomu nyingine ya kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na sababu yetu ilikuwa nini sasa, kwamba tulikuwa tunanyweshwa soda ofisini kwa meneja? Yule mwenzetu mpaka leo tukikutana Mwanjelwa ananisalimia vizuri tu, na ile salamu yake nzuri ndo inayoniuma.

Semina yangu ya kwanza, asubuhi ya kwanza, mwezeshaji kaandika ubaoni namba mbili tu, 30 na 60. Thelathini ya kuachishwa kazi, sitini ya migogoro mingine. Nilitamani nitoke nje nikalie. Kitu chenyewe namba mbili, zinaenea kwenye kiganja, na hakuna mtu tawini kwetu aliyewahi kunitamkia.

Alafu anakuja kwenye kikao cha nidhamu, kwamba mfanyakazi ana haki ya kupewa muda wa kujiandaa na kwa kawaida usipungue masaa 48, na ana haki ya kuingia na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Sisi kwetu ilikuwa mtu anaitwa saa nne, saa sita kashasaini, saa nane yuko stendi. Anakuja kwenye idadi ya wawakilishi, hii iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kwenye nakala yangu iliyochakaa ni kifungu cha 62: wanachama 1 mpaka 9 mwakilishi mmoja, 10 mpaka 20 watatu, 21 mpaka 100 kumi, wakizidi 100 kumi na tano, na hapo kwenye kumi na tano angalau watano wawawakilishe wanawake kama wapo. Hiyo ya watano ishikeni, ntairudia nikifika kwa mzee wangu.

Lakini noti peke yake ningekwambia fotokopi za mtu basi, usisumbuke. Semina inazidi noti kwenye yale maigizo. Wanawapanga, wewe mwakilishi, huyu mfanyakazi kashtakiwa wizi wa dizeli, yule pale ni HR, yaani afisa utumishi wa kampuni, huyu ndo mwenyekiti wa kikao. Mimi nilipewa uwakilishi na aliyecheza HR alikuwa mwalimu mmoja wa Ludewa, mpole kweli kwenye chai, akikaa kwenye kile kiti anageuka simba. Nilitetemeka mpaka karatasi zikawa zinapiga kelele. Watu wakacheka, nikacheka na mimi, tukarudia mara ya pili, mara ya tatu nikajua kumbe unaweza kusema "naomba dakika kumi niongee na mwanachama wangu" na dunia haianguki. Sasa hiyo utaipata wapi tawini? Tawini ukikosea mara ya kwanza kuna mtu anapoteza kazi.

Na usiku jamani. Ratiba inaisha saa kumi na moja jioni ila semina yenyewe inaanza baada ya ugali. Mmekaa kwenye ngazi za hosteli mmejifunika mablanketi, huyu anachuma chai Mufindi, huyu nesi wa zahanati huko Makete anafanya kazi na mwenzake mmoja tu, huyu fundi wa reli ya TAZARA, huyu wa msitu wa Sao Hill, kila mtu anatoa la kwake na unagundua meneja wako na meneja wa mwenzako kama walinyonya ziwa moja. Yule mama wa Mufindi alinifundisha namna ya kuhesabu kilo zilizokatwa kwenye mzani kuliko kitabu chochote, na mi nikamfundisha kuandika barua ya malalamiko. Namba zao ninazo mpaka leo. Kesi ikinishinda saa tatu usiku sipigi makao makuu, napiga Mafinga kwa wenzangu wa semina.

Sasa ubaya wake, maana upo, tena mwingi.

Kwanza posho. Tusidanganyane, kuna watu semina kwao ni posho na begi lenye nembo. Utawakuta walewale mwaka huu Iringa, mwakani Njombe, mwaka wa keshokutwa Mbeya, wamekaa kiti cha nyuma wanachati, siku ya nauli ndo unawaona wako mbele. Ukiuliza tawini kwao karudi na nini, wanakwambia karudi na kalamu. Mafunzo yamemuingia mtu mmoja tu, na huyo mmoja kayalalia.

Pili ruhusa. Sheria inasema mwajiri ampe mwakilishi likizo yenye malipo ya kiasi kinachofaa kwenda kwenye mafunzo yanayohusu kazi yake ya uwakilishi, hiyo ni kifungu kinachofuata baada ya kile cha 62, lakini kuna mabosi ukiwapelekea barua wanakutazama kama umeomba gari. Mimi semina ya pili nilikataliwa mpaka mzee mwenyekiti akaingia mwenyewe na nakala ya sheria, akakaa, hakugomba, akasema tu "mkubwa nimekuja tusome wote huu ukurasa". Ruhusa ikatoka. Kwaiyo hata kwenda semina kunahitaji tawi lenye mtu.

Tatu ni sisi wenye watoto. Siku nne kulala nje kwa mwanaume ni begi na mswaki. Mi semina ya kwanza nilikuwa na mtoto wa miezi saba, nikambeba na mdogo wangu wa kumshika, nauli ya watu wawili, basi toka stendi ya Nanenane hapa Mbeya, Igawa, Makambako, Mafinga, mtoto kalia mpaka dereva kaongeza redio. Nimefika nimechoka kuliko mtu aliyetoka kulima. Waandaaji wanaoalika wanawake waulize mapema kama kuna chumba cha anayenyonyesha, wasisubiri tuombe kwa aibu.

Na la nne ni ugonjwa wa kurudi. Nilirudi naongea kama wakili. Mtu kaja kunilalamikia zamu yake imebadilishwa, mimi "kwa mujibu wa sheria", kwa mujibu wa nini wewe, mtu anataka umsikilize. Mama mmoja wa usafi akaniambia, katibu tangu utoke Iringa hatukuelewi, umetuchanganyia. Ilinichukua kama miezi miwili kurudi kuwa mtu.

Haya, tawi.

Tawi halina cheti, halina picha ya pamoja, halina chakula cha mchana. Lina mzee. Kwetu mzee mwenyekiti ni mtu wa Rungwe, alianza kazi mimi sijazaliwa, kipindi chama cha wafanyakazi kiko kimoja tu nchi nzima, JUWATA, iliyoirithi NUTA ya mwaka 1964. Ukimsikiliza akihadithia utadhani historia ilipita mbele ya kibaraza chake. Huyu bwana hajawahi kunifundisha kwa maana ya kufundisha. Aliniambia tu, binti, nifuate. Basi saa nne ya chai anazunguka, mi nyuma yake. Anafika kwa mtu hamuulizi tatizo, anamuuliza "umekula?", anamuuliza mtoto kapona, anapita. Nikawa najiuliza huyu anafanya kazi gani. Wiki ya tatu ndo nikaona, wale watu aliowauliza mtoto kapona ndo waliomfuata jioni nyuma ya ghala kumwambia mashine namba ngapi imetolewa kinga na msimamizi kawaambia wanyamaze. Ungewafata na kidaftari ungerudi na hewa.

Kanifundisha kutoahidi. Mtu analia mbele yako, mdomo unakuwasha useme usijali utarudi kazini, mzee ananikanyaga mguu chini ya meza. Unasema "nimekusikia, kesho kutwa nitakwambia nimefika wapi", na kesho kutwa unaenda, hata kama hujafika popote unaenda kumwambia hujafika popote. Kanifundisha kuandika muhtasari siku ileile, si kesho. Kanifundisha fomu ya TUF 6, ile ya kujiunga na kukubali makato, humpi mtu kama tangazo la mahubiri, unakaa nae unamwonyesha hela inakatwa kiasi gani na inaenda wapi, akiuliza mwaka jana mlinifanyia nini unajibu bila kukasirika, na kama hamkumfanyia kitu unasema hatukukufanyia. Na siku ya kujadili mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri kukubaliana mishahara na maslahi, kanifundisha kitu ambacho hakimo kwenye noti zozote, kwamba ukiingia kule ndani bila watu wako nje kujua unaenda kuomba nini, bosi anajua kabla hujakaa.

Hapo ndo tawi linaishinda semina mbali sana. Uongozi wa chama ni kuaminiwa, na kuaminiwa hakuletwi na basi la kutoka Iringa. Watu wanachanganya chama na Mei Mosi, ile ya kitaifa ilikuja uwanja wa Samora pale Iringa 2018, mwaka uliofata 2019 ikaja uwanja wa Sokoine hapahapa Mbeya, tukavaa fulana, tukaimba Solidarity mpaka sauti zikakauka, ikapendeza kweli. Kesho yake saa moja asubuhi mko kazini na mzani uleule, na mtu anayekufata na shida yake hakuchagui kwa sababu ya fulana.

Ila mzee nae ana yake. Na hapa naomba asome kwa amani.

Miaka yote mzee alikuwa anaamini wenye mikataba ya muda hawawezi kujiunga na chama. Alirithi hiyo kwa aliyemtangulia, nae alirithi sijui kwa nani. Vijana wa mikataba ya miezi sita sita walikuwa wengi kuliko sisi wa kudumu, wako nje, wanatuangalia. Haikuwa roho mbaya, ndo alivyofundishwa. Mimi semina ya kwanza nauliza swali hilo kwa kujiamini kabisa, mwezeshaji kaniambia dada, mfanyakazi ni mfanyakazi, haki ya kujiunga ni yake, mkataba wa muda au wa kudumu. Nikarudi nayo. Mzee hakuniamini, nikamletea ukurasa, kasoma kwa miwani, kakaa kimya, akasema "kumbe tumewapoteza watoto wa watu". Mwaka ule tuliandikisha mpaka fomu zikaisha.

Na ile ya watano. Kamatini kwetu wanawake tulikuwa wawili na kazi yetu kubwa ilikuwa chai na kuhesabu michango ya misiba. Tunazidi mia, wawakilishi kumi na tano, wanawake wawili. Tawi lenyewe lisingejirekebisha, maana kila mtu ndani yake alishazoea na sisi wanawake wenyewe tulishazoea. Ukikulia sehemu moja tu unarithi na makengeza ya sehemu hiyo unadhani ndo macho. Na vijana wanaijua ile "subiri zamu yako", mtu ana miaka thelathini na nane bado anaitwa kijana wetu.

Kwaiyo unaona, semina inakufungua macho na tawi linakupa miguu. Ila usije ukaniambia basi vyote viwili, asante, tumeelewa. Wengi hawawezi vyote viwili kwa pamoja, nafasi ni moja, ruhusa ni moja, pesa hamna. Swali ni nini kitangulie, na mimi nimekuja kuona jibu halitegemei wewe ni hodari kiasi gani, linategemea unafanya kazi wapi.

Kama uko sehemu kubwa, kiwanda, shamba la chai, hospitali ya mkoa, yaani mnahesabika kwa mamia na kuna kamati inayokutana kweli, anza tawini. Jipe angalau miezi sita ya kufata mtu mzoefu. Ukienda semina kabla ya hapo utasikia kila kitu na hutashika kitu, kwa sababu huna kesi kichwani za kuning'inizia hayo maarifa. Mimi ile 30 iliniingia kwa sababu nilikuwa na mtu aliyepotea kwa sababu yake, mwenzangu niliyekaa nae dawati moja ambaye hajawahi kushika kesi aliiandika tu akageuza ukurasa.

Kama uko peke yako au mko watatu, zahanati ya kule juu Makete, shule yenye walimu sita, depo ya mpakani Tunduma, usisubiri tawi likulee, hakuna wa kukulea. Wewe semina ni ya kwanza, na ukiweza ya kulala kabisa, hata kama njia mbovu na mvua. Ile jamii ya kwenye ngazi za hosteli ndo itakuwa tawi lako. Yule nesi wa Makete aliniambia kabla ya ile semina alikuwa anadhani vitu anavyofanyiwa ni bahati yake mbaya, alikuwa hajui kama vina jina. Mtu wa kiwandani hawezi kuelewa hiyo, sisi tukionewa tunageuka tu kushoto kuna mwenzako kaonewa pia.

Kuna mama mmoja wa Marekani, Rosa Parks, yule aliyekataa kumpisha mzungu siti ya basi Montgomery tarehe 1 Desemba 1955. Wengi tumesimuliwa kama mama alichoka tu siku hiyo. Kumbe alikuwa katibu wa tawi, tawi la pale la chama cha kutetea haki za watu weusi, toka 1943, anaandika malalamiko ya watu, anafungua mafaili, miaka kumi na mbili. Alafu kiangazi cha 1955 ndo akaenda semina ya kulala ya kama wiki mbili Highlander, kule Tennessee, chuo kilichoanzishwa 1932 na kilichokuwa kinafundisha sana watu wa vyama vya wafanyakazi, weusi na weupe wanakula meza moja wakati sheria za kule hazitaki. Miezi minne baadae ndo lile basi. Mi naipenda hii kwa sababu ya mpangilio wake, tawi kwanza tena refu, semina fupi kwa wakati wake. Na kwetu nae Rashidi Kawawa, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu, kabla hajawa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, 1955 alishapita kwenye chama cha watumishi wa serikali, hakudondoka juu.

Sasa kuna njia ya tatu ambayo haisemwi sana na mi ndo naipenda kuliko zote, kikundi. Sisi tuko wanane, tunakutana Jumamosi mbili kwa mwezi, saa tisa, mgahawa mmoja Mwanjelwa ambao mama mwenye mgahawa kashatuzoea anatuwekea meza ya nyuma. Walimu wawili, mmoja wa halmashauri, mmoja wa hotelini, fundi wa reli, sisi watatu wa viwandani. Kila mtu analeta kesi moja bila kutaja jina la mtu, tunaifungua, tunasoma kifungu, tunabishana, chai na chapati kila mtu anajilipia. Uenyekiti unazunguka, hakuna mkubwa. Mama yangu nilipomsimulia akacheka, akasema hivyo ndo walivyokuwa wanakaa 1973 na redio, ile kampeni ya Mtu ni Afya, kikundi kimekaa chini ya mti kinasikiliza alafu kinajadiliana kinaenda kuchimba choo.

Faida ya kuchanganyika ilionekana mwezi wa pili tu. Mimi naeleza kwa madaha siku 30, CMA, fomu namba moja, mwalimu akaniambia dada hiyo ni yako, mimi mtumishi wa umma nikienda huko moja kwa moja narudishwa, toka marekebisho ya 2016 sisi lazima kwanza tumalize njia za sheria ya utumishi wa umma. Kumbe ningemshauri mdogo wangu ambaye ni mwalimu nikampoteza kama nilivyompoteza yule wa ghalani. Tawini kwangu wote ni watu wa kiwanda, nani angenisahihisha?

Ubaya wa kikundi ni kwamba hakina mwenyewe. Mvua za kwanza zikidondoka Novemba watu wako mashambani, Desemba kila mtu kaenda kwao, Januari ada za watoto, kikundi kimekufa. Sisi kimeshakufa mara mbili na kufufuka. Kinafufuka kwa sababu kuna mtu mmoja, si mimi, anapiga simu kila Alhamisi kuuliza unakuja. Mkikosa mtu wa namna hiyo msijisumbue. Na jihadharini na anayetaka kukiandikisha kiwe na katiba na mhuri wiki ya pili.

Mafunzo ya simu na cheti cha chuo nitapita haraka. Simu, Zoom na grupu za WhatsApp ni nzuri kukumbushia kitu unachokijua, tangazo, fomu mpya, tarehe. Kukuza kiongozi sijaona. Kwenye simu hujui nani kanyamaza kwa kuogopa na nani bando limeisha, na kiongozi kazi yake kubwa ni kujua hiyo tofauti. Chuo ni kwa anayetaka kufanya chama kuwa ajira, afisa wa mkoa, mtafiti, mtu wa ofisini. Kuna chuo cha Ustawi wa Jamii pale Dar wanafundisha mahusiano kazini, na Kivukoni, siku hizi Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilianzishwa 1961 kwa mfano wa Ruskin ya Oxford, chuo cha watu wazima wa tabaka la wafanyakazi. Ni njia ya heshima. Ila ukienda chuo ukiwa hujawahi kukusanya hata fomu kumi za wanachama unarudi na kiti, watu hamna.

Mambo mawili ya vitendo kabla sijasahau. Ukienda semina, nenda na kesi tatu zilizokushinda umeziandika, na mkiwa kwenye chai mvamie mwezeshaji nazo, usisubiri kipindi cha maswali maana kile huwa kinaliwa na wanaopenda kusikia sauti zao. Na kabla hujaondoka simama mbele ya watu wako waambie unaenda kutafuta nini, ukirudi watakudai, hiyo ndo dawa ya wale wa begi na kalamu. Kama mwenyekiti wako hataki uende kwa sababu anahofia kiti, usigombane nae, muombe akuandikie maswali yake yeye ukamuulizie. Nimeona wazee wagumu wakilainika na hilo.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimjibu Jumatatu. Nikamwambia wewe uko laini ya kufungasha, una watu zaidi ya mia mbili wanaokuzunguka na mzee yuko hai na miguu bado inampeleka, baki, mfuate mpaka Desemba. Ile nafasi ya Iringa nimeiombea dada wa depo yetu ya Tunduma, wako wanachama wanne, mwakilishi ni yeye, hajawahi kukaa na mwakilishi mwingine hata siku moja, tukiongea kwenye simu anaongea kwa kunong'ona. Mzee akakubali bila neno. Kijana kanuna. Siku mbili ananisalimia "shikamoo katibu" badala ya dada, nikajua hapo kuna moto.

Leo saa nne ya chai kaja na fomu tatu za TUF 6, zote za vijana wa mkataba. Moja kasahau kumsainisha mwenyewe. Nimemrudisha nayo.